Leo siku ya ngapi? Kumuuguza ndugu aliye kwenye kemo

Siku hiyo mama mdogo, aliyekuwa kwenye kemo, yaani dawa za saratani, aliamka akasema, "Leo na mimi najisikia mtu." Alitoka barazani pale Uyole, akaweka beseni la viazi mbele yake, akawa anamenya huku akinisimulia vituko vya wanakwaya wenzake. Saa tisa alasiri aliomba kitenge cha pili. Saa kumi na moja akaomba blanketi. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Mbeya nani haombi blanketi, kwa hiyo hatukushtuka. Alipoanza kutetemeka mpaka meno yakagongana, kaka yangu, mtu wa vitendo, alidandia bodaboda akarudi na dawa ya mseto na panado. Homa, baridi, kutetemeka: kwetu ugonjwa huo una jina lake na dawa yake, hauhitaji kikao.

Panado ilishusha homa. Tukapongezana. Saa sita usiku homa ikarudi, safari hii na maneno yasiyoeleweka, tukakodi bajaji mpaka hospitali. Nesi wa zamu alipoona karatasi za kliniki ya saratani aliuliza swali moja tu: "Dripu ya mwisho lini? Leo siku ya ngapi?"

Tukatazamana. Tulikuwa watu wazima wanne, wawili tuna vyeti vya chuo, na hakuna aliyejua.

Ilikuwa siku ya 11. Kipimo cha malaria kilitoka hasi. Cha damu kilionyesha kwamba chembe nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zilikuwa zimekwisha karibu zote, na bakteria ambaye wakati mwingine mwili ungemfukuza bila hata sisi kujua alikuwa anatamba ndani ya damu. Alilazwa siku sita akipewa antibayotiki za mshipa, akapona. Tangu usiku ule, mtu akiniambia ana mgonjwa yuko kwenye kemo, kabla ya kumpa pole namuuliza swali la nesi.

Dawa inayowinda kinachochipua

Kwanza tuweke majina sawa, maana huku mtaani "kemo", "mionzi" na "kuchomwa" vinatajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mionzi kwa kawaida hutolewa na mashine, inaelekezwa sehemu moja ya mwili, mgonjwa halali na sindano mkononi. Kemo, au tibakemikali kama inavyoandikwa kwenye karatasi, ni dawa: mara nyingi dripu, wakati mwingine vidonge. Ikishaingia kwenye damu inazunguka mwili mzima, kuanzia kisogoni hadi kwenye kisigino. Mgonjwa anaweza kupata kimojawapo au vyote viwili. Na aliyetoka kwenye kemo hatoi mionzi yoyote. Saratani yenyewe haiambukizi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Nimeona mgonjwa akitengewa kikombe chake cha plastiki nyumbani kwake mwenyewe, na sijui kama kuna dawa ya maumivu ya aina hiyo.

Kwa nini dawa hii inaumiza hivyo? Mkulima yeyote wa nyanda za juu amewahi kupiga dawa ya magugu. Nyingi kati ya dawa za kemo zinafanya kazi kwa mtindo unaofanana na huo: zinawinda seli inayogawanyika, yaani kitu kinachochipua. Saratani ni seli zinazochipua bila breki, hivyo zinapigwa. Lakini mwilini yapo mashamba mengine yanayochipua kila siku, tena kwa haki yake. La kwanza ni uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. La pili ni utando wa ndani ya mdomo, tumbo na utumbo. La tatu ni mizizi ya nywele. Yote matatu yanapigwa pamoja na adui. Ndiyo maana mgonjwa anaishiwa damu, anapata vidonda mdomoni, anaharisha, ananyonyoka nywele.

Tofauti ni kwamba mashamba hayo yanajua kuota upya haraka kuliko uvimbe. Pengo kati ya dripu na dripu, ambalo kwa matibabu mengi ni siku 21, limepimwa kwa hesabu hiyo: lirefu kiasi cha mwili kujikongoja na kusimama, fupi kiasi cha kutoipa saratani nafasi ya kujipanga. Familia inayosema "tumpumzishe kwanza mwezi huu" bila kumuuliza daktari inaipa saratani nafasi hiyo.

Ukali wa dawa hizi una historia yake. Mwaka 1942, huko Yale nchini Marekani, madaktari walimjaribia mgonjwa wa kwanza dawa iliyotokana na gesi ya haradali, silaha iliyotumika katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Walikuwa wameona kwamba sumu ile inaangamiza chembe nyeupe za damu, wakajiuliza je, haiwezi kuangamiza saratani ya chembe hizo? Mojawapo ya dawa mbili alizowekewa mama mdogo, saiklofosfamaidi, ni mjukuu wa ukoo huo. Kwa hiyo nesi akivaa glovu na gauni la plastiki kabla ya kugusa chupa ile, hamnyanyapai mgonjwa wako. Na wakimpima kilo na urefu kila akifika, mvumilie foleni: kipimo cha dawa kinakokotolewa kutokana na ukubwa wa mwili, na mgonjwa aliyepungua kilo sita hastahili kipimo cha zamani.

Lori limekwama Kitonga

Sasa tuje kwenye siku. Nitaeleza kwa undani, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapopotea, na sisi tulipotea hapa.

Chukua duka la jumla pale Mwanjelwa ambalo mzigo wake unatoka Dar. Lori likikwama njiani leo, kwenye mlima Kitonga, kesho duka bado limejaa. Mteja anaingia, anapata sukari, anapata mafuta, anatoka akisema mambo safi. Rafu zinaanza kuonekana tupu baada ya siku kadhaa, na bidhaa inayotoka haraka ndiyo inayoisha kwanza. Kemo imezuia lori, yaani uboho, lakini damu iliyokwishatengenezwa bado ipo rafuni. Chembe nyeupe za mstari wa mbele, nyutrofili, huishi kwenye damu muda mfupi sana. Zikichakaa na nyingine hazijaletwa, pengo linatokea. Kwa dawa nyingi pengo hilo huwa kubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, ukihesabu siku ya dripu kuwa ya kwanza. Chembe sahani, zinazogandisha damu, huishi kama siku 8 hadi 10, nazo hushuka karibu na wakati huo. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, hivyo upungufu wake unakuja polepole, mzunguko baada ya mzunguko (yaani kutoka dripu moja hadi nyingine), mpaka siku moja mgonjwa anapumzika mara tatu kutoka kitandani hadi chooni.

Hapo ndipo penye mtego. Siku ya dripu ndugu wote wapo: mwenye gari, mwenye supu, mwenye Biblia. Siku ya tatu anatapika, bado wapo. Kufikia siku ya nane kichefuchefu kimekwisha, mgonjwa anacheka, anamenya viazi. Shangazi anarudi Tukuyu, kaka anarudi kazini, na nyumba inabaki na mtoto wa kidato cha pili. Yaani walinzi wanaondoka siku ileile geti linapofunguka.

Tiba yake ni daftari na kalamu. Siku ya dripu andika 1, kesho yake 2, hivyohivyo hadi 21. Kila mstari andika joto la asubuhi na jioni, amekula nini, amepata choo, ametapika mara ngapi. Kipimajoto cha kidijitali kinauzwa duka la dawa na ni rahisi kutumia. Nunua kabla ya dripu ya kwanza, kabla ya kununua hata chungwa moja. Mkono juu ya paji la uso haupimi kitu, hasa mkono uliotoka kuosha vyombo kwa maji ya Mbeya.

Joto likifika 38, hiyo ni dharura, saa yoyote. Kwapani kipimo husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.5 ya kwapani pamoja na kutetemeka inatosha kuvaa viatu. Usimpe panado kwanza "ili tuone". Panado inashusha namba na kuwaacha bakteria wakiendelea na kazi, na ndivyo sisi tulivyopoteza saa saba. Usisubiri asubuhi. Lengo la hospitali ni mgonjwa wa namna hii apate antibayotiki ndani ya saa moja tangu afike, na saa hiyo haianzi mpaka umfikishe. Wapo pia wasiochemka kabisa: mgonjwa anapoa, analegea, anaongea ovyo, anapumua harakaharaka. Hao wana hatari zaidi, wala usingoje kipimajoto kikubaliane nawe.

Kipimo cha malaria apimwe, bila shaka. Mtu wa kemo haachi kuumwa na mbu. Kosa ni kutibu malaria nyumbani na kulala.

Ukifika mapokezi kuna sentensi moja ya kusema kabla ya salamu kwisha: "Mgonjwa wangu yuko kwenye dawa za saratani, leo ni siku ya 11, ana homa." Bila sentensi hiyo mtawekwa benchi moja na mafua na vidole vilivyokatwa na panga, mahali ambapo mtu asiye na kinga hatakiwi kukaa. Beba karatasi yenye majina ya dawa alizopewa, tarehe, na namba ya simu ya wodi. Hili lina uzito wa pekee kwa watu wa kanda yetu. Wengi wanatibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, halafu wanarudi nyumbani Ludewa, Makete, Chunya au Kyela. Siku ya 11 inawakuta huku, mbele ya tabibu ambaye hajawahi kuwaona. Hata anayetibiwa hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mbeya anaweza kuwa anaishi saa nne za barabara ya vumbi. Kwa hiyo muulize daktari kabla ya kuondoka: nikipata homa niende wapi, karibu na nyumbani? Kisha nenda hapo siku ya 3 au ya 4, mgonjwa akiwa mzima, ujitambulishe. Ni ziara ya dakika kumi.

Wageni nao waingie kwenye daftari. Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya ukoo, na kumzuia mtu mlangoni ni matusi. Siku ya 9 ya mzunguko wa pili kwaya nzima ilikuja, watu kumi na wanne, wawili wanakohoa, wote wanataka kumshika mkono na kumwekea mikono kichwani. Nilitoka nje nikamweleza mchungaji habari ya duka na lori. Akaelewa haraka kuliko shemeji zangu: waliimba nje kwenye uwanja, mama mdogo akasikiliza dirishani akipiga makofi, wakapanga kurudi siku ya 18. Tangu hapo anayepiga simu kuuliza lini aje nampa tarehe kutoka kwenye daftari. Wanaotaka kusaidia kabla ya hapo wanaleta mkaa, au wanachangia nauli.

Jikoni

Kichefuchefu kina dawa nzuri siku hizi, na makosa yetu makubwa ni kuzitumia baada ya kutapika. Ondansetroni na wenzake hunywewa kwa saa zilizoandikwa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa sababu kuzuia tumbo lisichafuke ni rahisi kuliko kulituliza likishachafuka. Katika kundi hilo mara nyingi kuna deksamethazoni, na hiyo ina vituko. Usiku wa pili baada ya dripu nilisikia vyombo saa nane. Nikamkuta mama mdogo anasugua sufuria kwa majivu, macho makavu, anaongea kama redio. Nikadhani dawa imempanda kichwani. Nesi akacheka kwenye simu: "Mpe kidonge hicho asubuhi, si usiku."

Ladha hubadilika. Nyama inakuwa na ladha ya chuma, chai inanuka. Kijiko cha mbao au cha plastiki kinasaidia zaidi ya unavyofikiria. Harufu ya kukaanga vitunguu inaweza kumtoa ndani ya nyumba, basi jiko litoke nje. Chakula kidogo mara sita kinashinda sahani moja kubwa ya heshima ambayo mgonjwa anaitazama na kuiogopa.

Vidonda vya mdomo vikija, karibu na siku ya 5 hadi ya 10, kande sahau: yale mahindi ni changarawe. Hapa nyanda za juu tuna bahati, kwa sababu Rungwe na Njombe wamejaa parachichi, tunda laini, lenye mafuta, lisilo na uchachu, linaloteleza kooni. Parachichi lililopondwa na chumvi kidogo, ndizi za Tukuyu zilizopikwa na maziwa mpaka zikalegea, viazi vilivyopondwa, uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa vizuri. Nanasi, ndimu na pilipili vinawasha kama moto. Asukutue mdomo baada ya kila mlo kwa maji yaliyochemshwa, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, atumie mswaki laini. Dawa za kusukutua za dukani zenye kilevi zinachoma bure.

Maziwa yachemshwe yote, hata kama ng'ombe ni wako na unamjua kwa jina. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi, kachumbari, saladi, tunda lisilomenyeka: hivi vingoje kinga irudi. Nyama na mayai yaive mpaka ndani. Balungi liulizie kwa daktari, kwa maana linaingilia namna ini linavyosafisha baadhi ya dawa. Ulanzi, najua mtu wa Iringa ataniuliza, ni pombe na hauchemshwi. Jibu ni hapana.

Halafu kuna juisi. Rozela, bitiruti, tembele, kila jirani ana chupa ya "kuongeza damu". Nyingi hazina ubaya kama zimeandaliwa kwa usafi, na mgonjwa akizipenda anywe. Ila hakuna juisi inayojulikana kuinua nyutrofili siku ya 11. Kama kipimo cha FBP, yaani cha kuhesabu chembe za damu, kinaonyesha chembe ziko chini, kliniki itaahirisha dripu kwa wiki moja, na familia italia kama imefeli mtihani. Hamjafeli. Kuahirishwa kwa wiki moja kwa sababu ya damu ni sehemu ya kawaida ya matibabu haya.

Dawa za maumivu za kununua tu dukani, diklofenaki na aspirini, usimpe bila kuuliza: zinachokoza tumbo na kufanya damu isigande, wakati chembe sahani zenyewe zimepungua. Fizi zikitoka damu, au vidoti vyekundu vikionekana kwenye ngozi, hilo nalo ni la kwenda hospitali.

Nani anafua?

Mkojo wa mama mdogo ulitoka mwekundu jioni ya dripu ya kwanza. Binamu yangu alipiga ukunga. Dawa yake ya pili, doksorubisini, yenyewe ni nyekundu kama soda ya fruto, na mkojo huchukua rangi hiyo kwa siku moja au mbili. Haikuwa damu.

Ila rangi ile inakufundisha jambo: dawa inatoka, na ikitoka bado ni dawa. Kwa saa 48 baada ya dripu, na kwa baadhi ya dawa hadi 72, mkojo, choo na matapishi vina mabaki yake. Anayefuta au kufua avae glovu, na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Choo cha kuvuta kifunikwe na kuvutwa mara mbili. Cha shimo, mwaga maji ya kutosha pembeni bila kurusharusha. Aliyeoana atumie kondomu siku hizo, na mimba isipangwe wakati wa matibabu.

Mimi kama mwanaume nisingeweza kumwogesha mama mdogo, mila hairuhusu wala yeye asingekubali, kwa hiyo tulimchukua binti wa jirani atusaidie. Kliniki ya pili nesi akaniuliza, "Nyumbani nani anafua?" Nikamtaja binti. "Ana mimba?" Alikuwa na ya miezi mitano. Hatukuwa na wazo. Mjamzito asiguse uchafu huo kabisa, na sasa ndilo jambo ninalolitaja mapema kuliko yote kwa familia inayoajiri dada wa kusaidia.

Baridi

Vitabu vya kemo vinaandikwa na watu ambao nyumba zao zina joto. Huku mgonjwa ana upungufu wa damu, hana nywele, na nje kuna ukungu. Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Zikatwe fupi mapema, na kofia ya sufi iwe tayari. Kwetu kichwa kilichonyolewa kiliwafanya watu watatu waulize msiba wa nani.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani milango ikiwa imefungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu. Mtu mwenye chembe chache tayari hana akiba. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga inatosha, lakini ujaribu kwanza wewe, kwani baadhi ya dawa zinatia ganzi miguuni na mgonjwa anaweza kuungua asijue.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mzee mmoja wa Makete aliyekuwa anatibiwa saratani ya utumbo mpana. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amerogwa: akishika kufuli la mlango asubuhi anapigwa shoti, na akinywa maji ya mtungi koo linabana kama limekabwa. Aliwahofia hata wanawe. Oksaliplatini, dawa inayotumika sana kwa saratani hiyo, hufanya hivyo hasa: kwa siku kadhaa baada ya dripu mishipa ya fahamu haivumilii baridi. Glovu za sufi, maji ya uvuguvugu, skafu mdomoni akitoka nje. Daktari alipomweleza, mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba simu ya jirani ili ampigie kijana wake mkubwa.

Mambo ya pembeni ambayo si ya pembeni

Kanda yetu, Njombe, Iringa na Mbeya kwa pamoja, imekuwa na viwango vya juu vya VVU kuliko sehemu kubwa ya nchi kwa miaka mingi, na baadhi ya saratani huwapata zaidi watu wenye VVU, ikiwemo ya shingo ya kizazi na ile ya ngozi iitwayo Kaposi. Kama mgonjwa anatumia ARV, daktari wa saratani ajue, na ARV zisiachwe hata siku moja ati "dawa zisije zikagombana". Daktari ndiye wa kuangalia kama zinagombana, na anaweza kubadilisha moja. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayemsindikiza mgonjwa haijui siri hiyo. Basi mwachie mgonjwa dakika mbili peke yake na daktari kila kliniki. Usiulize walizungumza nini.

Dawa za asili ni mazungumzo marefu, na sipendi wanaoyamaliza kwa dharau. Vinkristini, moja ya dawa kongwe za kemo, imetoka kwenye ua lenye asili ya Madagaska, lile la petali tano, jeupe au la waridi, tunalolipanda mbele ya nyumba na makaburini. Kwa hiyo mzee anayesema majani yanatibu hajakosea. Lakini mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 za vinkristini kwa dripu, kiasi kisichoonekana kwenye ncha ya kijiko, kwa sababu ikizidi inaua mishipa ya fahamu. Nani anapima miligramu kwenye chungu? Na ini linalosafisha kemo ndilo linalosafisha na mizizi. Likizidiwa, moja inabaki mwilini zaidi ya ilivyokusudiwa. Wanaokumbuka 2011 wanakumbuka misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Ninachoomba kwa familia ni kwamba mgonjwa akinywa chochote, kiandikwe kwenye daftari na daktari aoneshwe. Mgonjwa anayegombezwa atakunywa kwa siri.

Kwa wanaosafiri kutoka Dar: Mbeya ni kama kilomita 830, na mgonjwa wa saiklofosfamaidi anatakiwa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara ili kibofu kisiungue. Ndani ya basi anafanya kinyume, anajinyima maji kwa sababu ya aibu ya kusimamisha gari. Bora alale kwa ndugu Dar siku mbili. Ikishindikana, zungumza na kondakta kabla ya kupanda; mimi nilifanya hivyo na alisimamisha mara nne kabla ya Mikumi bila neno. Kuhusu gharama, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoshughulikia misamaha, uiendee siku ya kwanza, usisubiri shamba liuzwe.

Nawe unayeuguza, tafuteni zamu. Sisi tuligawana kwa daftari lilelile: dada siku ya 1 hadi ya 6, mimi ya 7 hadi ya 14 kwa sababu nina usafiri, shangazi zilizobaki.

Mzunguko wa nne, wa mwisho wa dawa nyekundu, siku ya 11 iliniangukia Jumapili. Nilimpima asubuhi, saa sita, saa tisa. Saa nne usiku nikaingia tena na kipimajoto, nikamkuta amekaa kitandani, kofia mpaka kwenye nyusi, amekichukua kingine mezani na kukiweka kwapani mwenyewe. Kililia. Akakisogeza kwenye taa, akanyoosha mkono kwa daftari.

"36.8," akasema akiandika. "Umenichosha, mwanangu. Nenda kalale."